Je, Wajua? Kukiri kosa kizimbani, kutoka Idodi hadi dirisha la viza

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, Idodi ni mojawapo ya vituo vya mwisho kabla ya pori. Mbele yake ni Mapogoro, kisha Tungamalenga, na baada ya hapo tembo ndio majirani. Vijiji vya tarafa ya Idodi na vya Pawaga vimo katika jumuiya ya hifadhi iitwayo MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Kesi za huku zinafanana na nchi yenyewe: nyama ya swala, ng'ombe waliokutwa upande usio wao, ngumi za kilabuni. Kesi ndogo huanzia Mahakama ya Mwanzo. Za nyara hupandishwa gari hadi Iringa mjini, na huko mshtakiwa hukutana na swali moja tu kabla ya yote: shitaka umelisikia, je, ni kweli au si kweli?

Jibu lake huchukua pumzi moja. Yanayofuata baada ya jibu hilo yanaweza kuchukua miaka 20, na yanaweza kumfuata mtu hadi ubalozini. Haya ni machache ambayo wengi huyajua wakiwa wameshachelewa.

Je, wajua kwamba hakimu hatakiwi kuandika tu "mshtakiwa amekiri"?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka aandike maneno ya mshtakiwa karibu kabisa na yalivyomtoka kinywani. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika rufaa ya Adan iliyotoka Kenya, ilipanga hatua ambazo mahakama zetu huzifuata hadi leo. Shitaka na kila kipengele chake kisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Majibu yake yaandikwe kwa maneno yake. Mwendesha mashtaka aeleze jinsi kosa lilivyotendeka. Mshtakiwa aulizwe kama maelezo hayo ni sahihi, na apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Akipinga jambo la msingi, kukiri kwake kunaondolewa na inaandikwa kwamba amekana. Hatia hutamkwa baada ya yote hayo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kesi hiyo. Mwaka 1942, katika kesi ya Yonasani Egalu kutoka Uganda, majaji wa rufaa walishasema kwamba pale mtu anapoelekea kutiwa hatiani kwa kukiri kwake, inafaa aelezwe kila kipengele cha kosa na atakiwe kukikubali au kukikataa kimoja kimoja.

Tuseme kijana wa Tungamalenga amekamatwa na kipande cha nyama kavu ndani ya kiroba. Anasomewa shitaka, anajibu: "Ni kweli mheshimiwa, nyama nilikutwa nayo, ila alinipa jamaa akaniambia ni ya mbuzi." Ndugu zake waliokaa kwenye benchi wamesikia amekubali. Kwa sheria, hajakubali. Amekiri kukutwa na nyama, amekana kujua kwamba ni nyara, na hakimu makini ataandika kwamba amekana kosa ili kesi isikilizwe na mashahidi waitwe. Hakimu mwenye haraka ataandika maneno mawili ya mwanzo na kuacha yaliyobaki. Rufaa nyingi za watu waliokiri zinatokana na haraka ya namna hiyo.

Suala la lugha nalo si dogo. Hadi 2021, kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, mshtakiwa alizungumza Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza. Mwaka huo Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini Idodi ina wazee wa Kimasai na Kibarabaig waliofuata malisho, wanaojua Kiswahili cha mnadani na cha dukani tu. Mzee wa namna hiyo ana haki ya mkalimani, na anapaswa kuiomba kabla hajafungua mdomo kujibu shitaka.

Je, wajua kwamba kipande cha nyama kinaweza kuhesabiwa kuwa mnyama mzima?

Katika kesi za nyara za Serikali, ofisa wanyamapori huandaa hati ya tathmini. Haangalii uzito wa kipande. Anaangalia ni mnyama gani aliyekufa ili kipande hicho kipatikane. Kwa viwango ambavyo vimeonekana katika hukumu nyingi, swala pala ni Dola za Marekani 390, pundamilia 1,200, na tembo 15,000. Kwa hiyo mkono wa nyama kavu wa kutosha mboga ya siku mbili huingia mahakamani ukiwa ni swala mmoja wa dola 390.

Na hapo ndipo watu wengi wa vijijini huanguka. Wanaona ni kosa la mboga. Wanadhani watapigwa faini, watauza mbuzi wawili na kurudi nyumbani. Lakini nyara zikishtakiwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, adhabu tangu marekebisho ya 2016 ni kifungo cha kuanzia miaka 20 hadi 30. Mtu mwenye umri wa miaka 25 akisema "ni kweli" kwa kutumaini faini, anaweza kutoka gerezani akiwa na miaka 45. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekuwa ikiwakumbusha mahakimu kwamba kosa linapokuwa na adhabu nzito kiasi hiki, kukiri kwa mshtakiwa kupokewe kwa uangalifu wa pekee.

Adhabu haiishii kwa mtu peke yake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inaruhusu kutaifishwa kwa chombo kilichotumika kutenda kosa. Bodaboda iliyobeba kiroba inaweza kubaki mali ya Serikali, hata kama ni ya mkopo na marejesho bado yanadaiwa.

Je, wajua kwamba aliyekiri amejifungia mlango wa rufaa, lakini umebaki wazi kwa nafasi nne?

Kanuni ni hii: aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe haruhusiwi kukata rufaa kupinga hatia. Anaweza kulalamikia adhabu tu, kwamba ni kubwa mno au haikubaliki kisheria. Kwa sababu hiyo mtu anayekiri "ili mambo yaishe" ameachia kitu ambacho hakirudi kirahisi.

Hata hivyo, katika kesi ya Laurence Mpinga ya 1983, Mahakama Kuu ya Tanzania ilitaja hali nne ambazo mlango huo hufunguka. Ya kwanza, maneno ya kukiri yalikuwa na utata au hayakukamilika. Ya pili, mshtakiwa alikiri kwa kukosea au kwa kutoelewa. Ya tatu, shitaka lenyewe halionyeshi kosa linalojulikana kisheria. Ya nne, hata ukikubali maelezo yote yaliyosomwa, hayatoshi kumtia mtu hatiani kwa kosa alilosomewa.

Ile hali ya tatu inaonekana kama ya vitabuni, lakini imetokea kwetu, na imegusa hifadhi za taifa. Kwa miaka watu walishtakiwa kwa kuingia hifadhini bila kibali, kwa kutumia kifungu cha Sheria ya Hifadhi za Taifa. Kesi zilipofika Mahakama ya Rufani, majaji walikisoma kifungu hicho kwa makini na kuona kwamba baada ya kurekebishwa mwaka 2003, hakikuwa tena na maneno yanayofanya kuingia huko kuwa kosa. Hatia za shitaka hilo zikafutwa. Fikiria aliyekuwa amelijibu kwa "ni kweli": alikiri jambo ambalo kwa maandishi ya sheria ya wakati huo halikuwa kosa. Sheria hurekebishwa, kwa hiyo habari hii isichukuliwe na mtu yeyote kuwa ruhusa ya kuvuka mpaka wa Ruaha na ng'ombe wake.

Muda nao hausubiri. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Mfungwa anaweza kulitoa kupitia kwa mkuu wa gereza alipo, na ndugu wanaokuja kumwona wafanye hima kumkumbusha.

Je, wajua kwamba unaweza kubadili jibu?

Unaweza, kabla adhabu haijatamkwa, kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 1973, katika kesi ya Kamundi, mahakama ya rufaa hiyohiyo ya Afrika Mashariki ilisema kwamba mahakama bado ina mamlaka ya kupokea mabadiliko hayo hadi itakapokamilisha hukumu kwa kutoa adhabu. Adhabu ikishatoka, hakimu yule amemaliza kazi yake, na kinachobaki ni rufaa.

Je, wajua kwamba tangu 2019 kuna kukiri kwa makubaliano?

Marekebisho ya mwaka huo yaliingiza katika sheria yetu makubaliano ya kukiri kosa. Mshtakiwa, wakili wake au mwendesha mashtaka anaweza kuanzisha mazungumzo. Mahakama haiingii katika mazungumzo hayo. Wakielewana, huandika na kutia saini, kisha mahakama hujiridhisha kwamba mshtakiwa hakulazimishwa na kwamba anajua anachokiachia, ikiwamo haki ya kupinga hatia kwa rufaa. Kosa kubwa linaweza kugeuzwa dogo, mashtaka mengine kufutwa, adhabu kupungua.

Yapo makosa yasiyoguswa: uhaini, ugaidi, makosa makubwa ya kingono na yale dhidi ya watoto, dawa za kulevya zenye thamani inayozidi shilingi milioni 20. Nyara zinazozidi shilingi milioni 20 nazo haziguswi bila ridhaa ya maandishi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Piga hesabu kwa viwango vya hapo juu. Swala wa dola 390 hafiki hata shilingi milioni moja na nusu, kwa hiyo kesi yake inaweza kuzungumzwa. Tembo mmoja wa dola 15,000, kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi milioni 37.5, na hapo lazima ridhaa hiyo ipatikane. Kijana wa kiroba wa Idodi ana nafasi kubwa zaidi ya makubaliano kuliko jangili wa pembe za ndovu. Lakini jangili ndiye mwenye wakili wa kumweleza habari hiyo.

Septemba 2019 nchi nzima ilishuhudia kukiri kwa wingi. Rais John Magufuli aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku saba za kukiri na kurudisha fedha, na Mkurugenzi wa Mashtaka wa wakati huo, Biswalo Mganga, akaripoti kwamba watu 467 walikuwa tayari kurudisha jumla ya shilingi bilioni 107.8. Miezi michache baadaye, Februari 2020, mwandishi wa habari Erick Kabendera alitoka mahabusu kwa makubaliano ya aina hii. Alikuwa amekaa ndani tangu Julai 2019, na utakatishaji fedha, shitaka mojawapo alilosomewa, halina dhamana. Naliona hili kuwa doa linalostahili kusemwa wazi: penye kosa lisilo na dhamana na upelelezi usioisha, kukiri kunakuwa njia fupi ya kurudi nyumbani hata kwa asiye na hatia. Mahakama inauliza kama mtu amelazimishwa, naye atajibu hapana, kwa sababu hakuna aliyemshika mkono. Miezi ndiyo iliyomlazimisha.

Je, wajua kwamba wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu walikiri, wakapata miaka michache kuliko ya mtu wa nyama ya swala?

Mwaka 2022 jijini New York, Moazu Kromah, raia wa Liberia aliyekuwa akiishi Uganda, alikiri kushiriki mtandao wa kusafirisha pembe za faru na za ndovu. Mashtaka yalisema mtandao huo ulihusisha zaidi ya faru 35 na zaidi ya tembo 100, thamani ikizidi Dola milioni 7, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotajwa. Kromah alipewa miezi 63. Wenzake, Amara Cherif wa Guinea na Mansur Mohamed Surur wa Kenya, walipewa miezi 57 na 54.

Miezi 63 ni miaka mitano na robo. Iringa, swala mmoja anaweza kuwa miaka 20. Sisemi hifadhi zilegezwe. Tembo wa Ruaha waliuawa kwa wingi tuliouona kwa macho, na walinzi wao wanahitaji sheria yenye meno. Ninachosema ni kwamba Kromah alikuwa na mawakili waliopima kila neno kabla hajalitamka mbele ya jaji.

Je, wajua kuhusu kesi za ulanzi?

Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukikolea, ugomvi nao hukolea, na mara nyingine mtu hufa. Anayeshtakiwa kwa mauaji hukabiliwa na adhabu moja tu kisheria, kunyongwa hadi kufa. Mahakama Kuu haimtii mtu hatiani kwa mauaji kwa sababu tu amesema ni kweli; kwa kawaida huandika kwamba amekana. Lakini upande wa mashtaka ukikubali, shitaka hugeuzwa kuwa kuua bila kukusudia, naye hukiri hilo. Adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, ya chini haikupangwa, na jaji hutazama umri, muda aliokaa mahabusu, nani alianza ugomvi. Hapa kukiri kwa ushauri wa wakili kunaweza kuokoa uhai wa mtu.

Je, wajua kwamba faini ya barabarani inaweza kurudi ikiwa deni la mamilioni?

Dereva amegonga mtu kwenye mteremko wa Kitonga. Anafikishwa mahakamani kwa kuendesha bila uangalifu, tajiri yake anamwambia kiri, nitalipa faini, gari lina mzigo. Analipa, anaendelea na safari. Miezi kadhaa baadaye familia ya majeruhi inafungua kesi ya madai. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inasema hukumu ya jinai iliyokamilika, muda wa rufaa ukiwa umepita, ni uthibitisho wa mwisho kwamba mtu alitenda kosa lile. Dereva hawezi tena kusimama na kusema hakuwa mzembe. Tajiri aliyedhani ameokoa siku moja ya safari ameingia katika fidia.

Aliye na ndoto za siasa naye aangalie. Ibara ya 67 ya Katiba inamzuia kugombea ubunge mtu aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu. Wizi ni kosa la namna hiyo, na Katiba haiulizi kama alikiri au alibishana.

Je, wajua kwamba barabara kuu ya Iringa hadi Tunduma ina wakiri wengi wasiojua walichokiri?

Barabara hii inayopita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya ni njia ya Waethiopia wanaokwenda kutafuta kazi Afrika Kusini. Wengi wao ni vijana wa Hadiya na Kambata, kusini mwa nchi yao. Hufichwa ndani ya malori, nyuma ya mizigo, na Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa, wametupwa Chitego, wilayani Kongwa.

Wanaokamatwa wakiwa hai husomewa shitaka la kuingia nchini kinyume cha sheria. Wengi hukiri siku hiyohiyo. Kwao kukiri kunaonekana ni jambo dogo: tumekamatwa, tukubali, waturudishe. Lakini adhabu ni faini au kifungo, na mtu aliyetoka kwao kwa deni la wasafirishaji hana faini ya kulipa. Anakwenda gerezani. Akimaliza kifungo, bado lazima aondolewe nchini, na kuondolewa kunahitaji hati ya safari na nauli. Kwa miaka wapo waliomaliza vifungo vyao na kuendelea kukaa magerezani wakingoja kurudishwa, hadi Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilipogharimia ndege za kuwarejesha maelfu yao.

Mkalimani hapa ni tatizo la kweli. Kupata mtu wa Kiamhari Mafinga ni kazi. Kupata wa Kihadiya ni kazi zaidi. Mara nyingi hutumika mmoja wao anayejua Kiswahili kidogo alichookota njiani, naye ni mshtakiwa mwenzao. Ile hatua ya kwanza ya Adan, ya kueleza kila kipengele kwa lugha anayoielewa mtu, inategemea maneno hayo aliyookota.

Na wamo miongoni mwa wapita njia watu ambao si watafuta kazi. Mkongo aliyekimbia vita, kwa mfano, hapaswi kuadhibiwa kwa kuingia bila hati ikiwa alijitokeza mapema kwa mamlaka na ana sababu ya msingi. Hivyo ndivyo ibara ya 31 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inavyosema, na Tanzania ni mwanachama wake. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa siku saba za kujitokeza na kuomba hifadhi. Akisimama kizimbani na kukiri bila kueleza alichokimbia, anaitupa kinga hiyo. Uingereza nako Mahakama ya Rufaa imefuta hatia za waomba hifadhi waliokiri kutumia hati bandia kwa sababu mawakili wao hawakuwaambia kwamba walikuwa na utetezi huo.

Je, wajua kwamba fomu ya viza ya Marekani inauliza hata kosa ulilosamehewa?

Swali lake halina mlango wa kutokea: umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama ulisamehewa? Kijana aliyekiri wizi wa kuku miaka kumi iliyopita, akalipa faini na kusahau, anapaswa kujibu ndiyo. Akificha, uongo huo ni kosa lake la pili, na mara nyingi ndilo linalomfungia mlango kabisa.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina msamaha kwa kosa moja dogo, lakini kipimo chake hushangaza. Inatazama adhabu ya juu ambayo kosa lingeweza kubeba, isiyozidi mwaka mmoja, pamoja na adhabu aliyopewa mtu, isiyozidi miezi sita. Adhabu ya juu ya wizi katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inapita mwaka mmoja kwa mbali. Kwa hiyo faini ndogo ya kuku haipiti kwenye msamaha huo, ingawa kosa ni dogo kwa kila mtu mwenye macho.

Jingine: kwa dawa za kulevya, sheria hiyohiyo humzuia hata ambaye hajatiwa hatiani popote, ikiwa tu amekubali rasmi mbele ya ofisa kwamba alitenda kosa. Bangi inajulikana sana nyanda hizi, na wapo wanaoizungumzia kama tumbaku. Ubalozini si mahali pa kuizungumzia hivyo.

Je, wajua kwamba mtu aliyeishi Marekani zaidi ya miaka 40 alikaribia kurudishwa kwao kwa kukiri?

José Padilla alizaliwa Honduras, akaishi Marekani kihalali zaidi ya miongo minne, akalitumikia jeshi la nchi hiyo katika vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky akiwa na bangi kwenye lori lake. Wakili wake akamwambia asiwe na wasiwasi kuhusu uhamiaji, ameshaishi muda mrefu mno. Akakiri. Kukiri huko kulimfanya awe wa kufukuzwa nchini karibu moja kwa moja. Machi 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa mshtakiwa mgeni ana wajibu wa kumweleza hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri. Majimbo ya California na Massachusetts yalikuwa yameshawataka majaji wao watoe onyo la namna hiyo tangu miaka ya 1970.

Mwaka 2017 ikaja ya Jae Lee, aliyetoka Korea Kusini akiwa na miaka 13 na kufungua migahawa Memphis. Alimuuliza wakili wake mara kwa mara kama atafukuzwa, akaambiwa hapana. Mahakama ilimpa nafasi ya kubatilisha kukiri kwake, kwa sababu ilionekana dhahiri kwamba angejua ukweli angekwenda kwenye kesi hata kama nafasi ya kushinda ilikuwa finyu. Kanada, mwaka 2018, katika kesi ya Wong, mahakama yao ya juu ilikubali kwamba mtu anaweza kufuta kukiri alikokufanya bila kujua hatari ya uhamiaji, lakini lazima aonyeshe kwamba yeye mwenyewe angechagua njia nyingine. Wong hakuonyesha hivyo, akashindwa.

Mtanzania anayeishi ughaibuni asome kesi hizi kwa makini kuliko wengi. Kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima, wapo wengi wanaokaa Marekani miaka 20 au 30 kwa kadi ya ukaazi, hawataki kuipoteza pasi ya nyumbani. Raia hafukuzwi. Mwenye kadi hufukuzwa, hata awe na nyumba na wajukuu huko. Na tangu 1996, "hatia" katika sheria ya uhamiaji ya Marekani ni pamoja na pale mtu alipokiri na jaji akaahirisha kumtia hatiani ili akitulia afutiwe. Jimbo linaweza kufuta, Uhamiaji haufuti. Wizi wenye kifungo cha mwaka mmoja, hata kikiwa cha nje na hakuguswa na pingu, huhesabiwa kuwa kosa kubwa la kumfukuzisha.

Uingereza mambo yanaweza kugeuka upande wa pili. Sheria yao ya 2007 iliweka kwamba mgeni aliyepewa kifungo cha miezi 12 au zaidi hufukuzwa kwa lazima, isipokuwa kwa sababu maalumu. Wakati huohuo anayekiri mapema kabisa hupunguziwa hadi theluthi moja ya adhabu. Aliyestahili miezi 15 anashuka hadi 10, na kwa kufanya hivyo ameshuka chini ya mstari huo wa kufukuzwa. Kenya nako, mtu aliyepata uraia kwa kuandikishwa anaweza kuupoteza akitiwa hatiani ndani ya miaka mitano na kufungwa miaka mitatu au zaidi.

Je, wajua kwamba karatasi ya kesi ni mali?

Ubalozi ukitaka kumbukumbu ya mahakama, hautosheki na maelezo ya mdomo. Unataka nakala iliyothibitishwa, yenye namba ya kesi, kosa, jibu la mshtakiwa na adhabu. Aliyehukumiwa ana haki ya kuomba nakala ya hukumu yake. Aiombe mapema, kabla jalada halijahamia masijala nyingine, na aandike namba ya kesi mahali ambapo familia itaiona. Kwa aliye Idodi, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaweza kumwandikia barua hiyo bila malipo, na ni haohao wa kuwaendea siku ya kwanza ndugu anapokamatwa, kabla hajapandishwa kizimbani kuulizwa kama ni kweli.